Kusoma Valvu

Valvu ya redio ikitoka kwenye kabati la zamani huku Mbinga, au kule ufukweni Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, mjuzi huitazama kwanza herufi ya mwanzo. Uwezekano mkubwa ni D. DK91, DF91, DAF91, DL92. Au wadogo zao waliokuja katika miaka ya 1950, DK96, DF96, DAF96, DL96. Kwa herufi hiyo moja ameshaijua nusu ya historia ya nyumba ile: palikuwa na redio, hapakuwa na umeme.

Watengenezaji wa Ulaya, Philips ikiwa mbele, walijiwekea utaratibu tangu miaka ya 1930 kwamba herufi ya kwanza itaje umeme unaopasha uzi wa ndani. D ni volti 1.4, nguvu ya jiwe moja la betri kavu. E ni volti 6.3, zinazotoka kwenye transfoma. U ni ya redio ambazo valvu zake zimeunganishwa kwa mfuatano na kulishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kisha zinafuata herufi za kazi: C ni trayodi, F ni pentodi ya kukuza mawimbi dhaifu, K na H huchanganya masafa, L husukuma spika, M ni jicho la kutafutia kituo, Y na Z hunyoosha umeme. Tarakimu ya kwanza hutaja kitako: 3 ni kitako kinene cha pini nane, 8 ni pini tisa nyembamba zilizotoka moja kwa moja kwenye kioo, 9 ni pini saba. Mtu akishaushika utaratibu huu, jina DAF91 linajieleza lenyewe: uzi wa betri, diodi na pentodi ndani ya kioo kimoja, pini saba. Wamarekani nao walikuwa na majina yao, na mjuzi anayajua yote mawili, kwa sababu valvu ileile huitwa DK91 Ulaya na 1R5 Marekani, na ECC83 ya Ulaya ndiyo 12AX7 ya Marekani. Mnunuzi wa Texas hatafuti ECC83, anatafuta 12AX7.

Kwa nini D huku kwetu? Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Songea kutokea Makambako mwishoni mwa miaka ya 2010, na kutoka hapo ukaja Mbinga. Valvu zilikuwa zimekwisha kuondoka kwenye redio za majumbani nusu karne kabla ya hapo. Kwa hiyo katika enzi yote ya valvu, kuanzia mjini Mbinga hadi kijiji cha mwisho cha wavuvi, mtu wa kawaida aliyetaka kusikia dunia alipaswa kununua betri.

Na ufukwe huu ulikuwa na sababu ya kutaka kusikia. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na Kamanda Rhoades, ilivuka Ziwa Nyasa hadi Sphinxhafen, ndipo Liuli ya leo, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Rhoades alikuwa ameletewa habari. Berndt hakuwa ameletewa chochote. Miaka kumi tu kabla, mwaka 1904, John Ambrose Fleming alikuwa ameipatia hati miliki valvu ya kwanza jijini London, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza kipande cha tatu cha waya ndani ya kioo, gridi, ambacho kiliiwezesha kukuza sauti. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyofanya isiwezekane tena kwa mtu aliye mbali kubaki gizani namna ile.

Vilichukua muda kufika. Ng'ambo ya ziwa, Nyasaland, vilifika kwa njia ya Lusaka. Mwaka 1949 mkuu wa idara ya habari kule Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin, aliwashawishi Ever Ready wa Uingereza watengeneze redio ya bei ndogo ya valvu, inayotumia betri kavu, kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia mbili na Nyasaland. Iliwekwa ndani ya sufuria iliyopakwa rangi ya buluu, na watu wakaiita kwa jina hilo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5, ikidumu kama saa 300. Upande wetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo 1951. Wakati huohuo bei ya kahawa duniani ilikuwa juu, na Umatengo, yaani nchi ya Mbinga, ulikuwa na kahawa, na ulikuwa na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, tangu 1936. Mkulima mwenye mibuni mizuri aliweza kununua redio. Kazi ilikuwa kuilisha.

Hapo ndipo tofauti ya 91 na 96 inapokuwa na maana, na mimi huipenda tofauti hiyo kuliko nyingine yoyote katika somo hili, maana imeandikwa kwa ajili ya watu kama wa kwetu. Seti ya valvu nne za mfululizo wa 91 ilikula miliampia 250 kwa ajili ya nyuzi peke yake: 50 kwa kila moja ya tatu za mwanzo, na 100 kwa ile ya spika. Mfululizo wa 96 ukapunguza kila kitu kwa nusu: 25, 25, 25 na 50. Jumla 125. Uzi wa DF96 ni mwembamba kiasi kwamba jicho la kawaida huutafuta likaukosa. Wahandisi walioufinya uzi ule walikuwa wanamfikiria mtu asiye na soketi ukutani, anayehesabu pesa za betri kabla ya kuwasha taarifa ya habari. Kazi nyingi za uhandisi za karne iliyopita zilimsahau mtu huyo. Hii haikumsahau.

Si valvu zote za huku ni D. Misheni zilikuwa na umeme wao wa jenereta au wa maji. Peramiho ilianza 1898, Kigonsera mwaka uliofuata, Litembo ikawa na hospitali, na Liuli walikuwepo Waanglikana wa UMCA. Mahali pa namna hiyo, penye padre, daktari, ukumbi na kanisa lenye vipaza sauti, ndipo pa kutegemea herufi E: redio kubwa za mezani za Philips au za Kijerumani, amplifaya za ukumbini, mashine za kuonyeshea picha za sinema. Mjuzi akisikia kwamba kuna stoo ya misheni inasafishwa, moyo wake hupiga kwa namna nyingine, na nitaeleza kwa nini. Ila kwanza asome.

Maandishi ya rangi ubavuni mwa valvu, nembo ya kampuni na jina lake kubwa, ndiyo sehemu isiyoaminika kuliko zote. Rangi hiyo inafutika kwa kidole. Fundi mwenye adabu haisugui valvu iliyojaa vumbi. Huipiga picha kwanza, kisha huondoa vumbi kwa brashi laini pembeni ya maandishi. Yakiwa yamefifia, huipumulia. Mvuke wa pumzi hukaa tofauti mahali rangi ilipokuwa, na jina lililopotea hujitokeza kwa sekunde chache. Mbinga ya Juni na Julai, baridi ya Umatengo ikiwa imekamata, ni mahali pazuri kwa kazi hiyo: kioo kikilala nje usiku, asubuhi pumzi moja inatosha.

Lakini hata jina likisomeka, bado halijasema kweli. Viwanda vya valvu viliuziana mali. Kundi la Philips peke yake liliuza valvu ileile kwa majina ya Philips, Mullard, Valvo na Amperex, kutegemea inakwenda nchi gani. Mtu anaweza kushika valvu yenye jina la Kimarekani iliyotoka Uholanzi, au ya Kijerumani iliyotoka Uingereza. Siku hizi kuna jambo la kuongeza: haki ya jina Mullard iko kwa kampuni ya Marekani ambayo huliandika kwenye valvu mpya zinazotengenezwa Saratov, Urusi. Ni valvu halali na zinafanya kazi, ila hazikutoka kwenye kiwanda cha Blackburn, na bei yake si ile.

Ukweli umeandikwa chini, kwenye kioo chenyewe, kwa maandishi madogo ya kijivu yaliyochomwa ambayo hayafutiki. Katika valvu za kundi la Philips ni mistari miwili mifupi. Wa kwanza ni alama ya aina na toleo: I61, kwa mfano, ni ECC83, XF2 ni EL34. Wa pili ni kiwanda na tarehe. B5K1: B ni Blackburn, 5 ni mwaka unaoishia na tano, K ni mwezi wa kumi na moja, kwa kuhesabu A Januari, 1 ni wiki ya kwanza. R ingekuwa Mitcham, D ingekuwa Hamburg, pembetatu ndogo ingekuwa Heerlen. Telefunken wao walikuwa na desturi nyingine: kwenye valvu nyingi zilizotoka kiwanda chao cha Ulm, katikati ya pini tisa, kuna umbo la almasi lililobonyezwa ndani ya kioo kikiwa bado laini. Rangi ya Telefunken inaweza kuigizwa na yeyote mwenye wino. Kubonyeza kioo namna ile kunataka kiwanda.

Na 5 ile ni 1955 au 1965? Alama haisemi. Hapo kusoma herufi kunakwisha na kunaanza kusoma umbo. ECC83 za mwanzo zina bati refu la kijivu ndani, milimita 17 hivi. Za baadaye zina la 14. Pete inayoshikilia dawa ya kunasa gesi imebadilika nayo: kwanza umbo la mraba au la D, baadaye duara kamili. Kuna mabati laini na mabati yenye mbavu. Kuna namna vipande vya mika vilivyokatwa pembezoni. Anayefanya kazi hii miaka mingi haangalii jambo moja. Anageuza kioo polepole mbele ya dirisha na kuacha alama zote ziseme, na zikipingana anasimama. Alama ya chini ikisema Blackburn na umbo la ndani likisema Saratov, hainunui na haiuzi.

Mbinga wanaijua kazi ya aina hii kwa njia nyingine. Kahawa ya huku haiuzwi kwa jina la mkulima wala kwa uzuri wa gunia. Inakobolewa, inapangwa kwa ukubwa wa punje, AA, A, B, PB, kisha mwonjaji anaisaga, anaimiminia maji ya moto, anaivuta kwa kijiko, na kikombe ndicho kinachosema. AA yenye ladha ya ukungu hushindwa na B safi. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya kahawa hahitaji kushawishiwa kwamba kitu kikubwa chenye nembo nzuri kinaweza kuwa na thamani ndogo, na kwamba kuna mtu anayelipwa kwa sababu ulimi wake haudanganyi.

Sasa uhai. Valvu inaweza kuwa halisi, ya mwaka mzuri, na ikawa imekufa. Juu ya kioo au ubavuni kuna utando unaong'aa kwa ndani. Ni bariamu, iliyolipuliwa humo kiwandani baada ya hewa kunyonywa, ili inase gesi yoyote iliyobaki. Ukiwa wa fedha, ombwe limo. Ukiwa umeliwa pembeni na kuwa kahawia hafifu, valvu imefanya kazi saa nyingi. Ukigeuka mweupe wa maziwa, hewa imeingia na hakuna fundi duniani atakayeitoa. Ni kipimo kisicho na gharama, na kinaweza kufanyika kwenye kibaraza cha mwenye mali kabla ya maneno mengi.

Uzi unafuata. Kwa valvu za E hakuna hofu. Mita yoyote itaonyesha kama umekatika. Kwa D, na hasa mfululizo wa 96, mkono wenye haraka huua. Uzi ule umeumbwa kwa miliampia 25. Mita ya zamani ya mshale ikiwekwa kwenye kipimo cha chini cha omu huweza kusukuma zaidi ya hapo, na valvu iliyokaa salama miaka 60 kwenye pamba huweza kuungua ndani ya kufumba na kufumbua, mikononi mwa mtu aliyetaka tu kujua kama ni nzima. Mjuzi hutumia mita ya tarakimu, ambayo husukuma kidogo mno. Akitaka kuona kwa macho, hungoja usiku, huzima taa, na kuupa uzi jiwe moja la volti 1.5. Mwanga wa D ni mwekundu hafifu kabisa. Mchana hauonekani, na wengi wamezitupa valvu nzima wakidhani haziwaki.

Nyuzi nyingi za D zilikufa kwa sababu moja. Redio hizo zilikuwa na betri mbili, ya volti 1.5 kwa nyuzi na ya volti 90 kwa kazi yenyewe, na aliyekosea kuziunganisha alizichoma zote nne kwa mpigo. Ndiyo maana redio ikikutwa na valvu moja iliyoungua kuna matumaini kwa zilizobaki, na ikikutwa na zote nne zimeungua, sababu inajulikana bila kuuliza.

Kisha nguvu. Waingereza walikuwa na mashine ya AVO, Wajerumani Funke, Wamarekani Hickok: masanduku yenye soketi za kila aina, yanayoipa valvu volti zake halali na kupima inachotoa. ECC83 nzima, ikipewa volti 250 na gridi ikiwa volti 2 chini ya sifuri, hupitisha miliampia 1.2, na mabadiliko ya volti moja kwenye gridi huleta mabadiliko ya miliampia 1.6. Nusu zake mbili zikaribiane. Gridi isivujishe. Namba hizo zipo kwenye vitabu vya viwanda, na muuzaji mkweli huziandika pamoja na alizozipata yeye, ili mnunuzi alinganishe. Mashine hizo ni nzito na ghali. Asiye nayo hutumia redio nzima anayoiamini kuwa uwanja wa kujaribia, na huandika hivyo: imejaribiwa ndani ya redio, haikupimwa. Maneno hayo yanapunguza bei. Yaandikwe.

Kosa kubwa zaidi la wenye pupa ni kuichomeka redio ya misheni ukutani ili kuona kama inaimba. Kapasita zake za karatasi na nta zimezeeka na zinavujisha. Moja yao, iliyo kati ya valvu ya kukuza na valvu ya spika, ikivujisha inatia volti chanya kwenye gridi ya EL84, na EL84 inaanza kupitisha umeme bila kizuizi mpaka bati lake linakuwa jekundu. Dakika chache zinatosha kuharibu kile alichokuja kukinunua. Fundi huibadilisha kwanza kapasita hiyo, kisha huiwasha redio kupitia balbu ya wati 60 iliyowekwa kwenye njia ya umeme, na kuitazama balbu. Redio za U zina hatari yake: fremu ya bati inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Asiyelijua hilo asiifungue.

Tufike kwenye bei, na hapa ufukwe wa Nyasa una habari ya kusikitisha kidogo. Valvu za D, zilizowatumikia watu wetu kwa uaminifu huo wote, ni rahisi. DF91 au DAF91 nzuri huuzwa dola chache. DK96 hupanda kidogo kwa sababu ndiyo iliyokufa kwa wingi. Wanaozitaka ni watu wanaofufua redio za zamani za betri, na hao ni wachache. Pesa ziko kwa wapiga gita na wapenzi wa muziki wa santuri. Amplifaya ya Vox AC30 inakula EL84 nne. Marshall nyingi zilijengwa juu ya EL34. Mbele ya zote kuna ECC83. Viwanda vichache vimebaki, Čadca kule Slovakia, Saratov, China, na kimoja Marekani, lakini masikio mengi bado yanataka zile za miaka ya 1950 na 1960. ECC83 moja ya Telefunken, mpya ndani ya boksi lake, huweza kuvuka dola 100. GZ34 za mwanzo za Philips, zenye kitako cha chuma, hufika mbali zaidi. Sasa msomaji anaelewa stoo ya misheni.

Kuna moja nataka kukaa nayo. Redio kubwa za mezani zilikuwa na jicho: EM34, EM80, EM84, valvu yenye kioo kinachotoa mwanga wa kijani, na kivuli kinachofunga kadiri kituo kinavyoshikwa vizuri. Valvu nyingine zikikaa bila kutumika hubaki mpya. Zikitumika, huchoka polepole, na nyingi huishi maelfu ya saa. Jicho huchoka haraka, kwa sababu unga wa kijani unaopigwa na elektroni hufifia na haurudi. Kila jioni lilipokuwa linawaka ukumbini lilikuwa linajimaliza. Kwa hiyo redio inaweza kuimba vizuri na jicho likawa kijivu, na jicho jipya likawa na bei kubwa kuliko valvu nyingine zote za redio hiyo kwa pamoja. Kulipima hakuhitaji AVO. Liwashwe chumba kikiwa na mwanga wa mchana. Likionekana vizuri, ni zuri. Muuzaji anayelipiga picha gizani, ambako hata jicho lililochoka hung'aa, anajua anachokifanya.

Bei haiko kwenye valvu peke yake; iko pia kwenye usawa na kwenye karatasi. Amplifaya inataka EL34 mbili zinazopitisha umeme sawa, hivyo mbili zilizolingana huuzwa ghali kuliko mbili zisizolingana. Boksi la asili lina bei yake. Huku kuna mchwa, na ufukweni kuna unyevu wa masika. Boksi nyingi hazikupona, na pini huota kutu ya kijani. Pini husafishwa taratibu kwa kijiti cha mbao na spiriti kidogo, wala si kwa msasa. Msasa ukigusa mahali pini inapoingia kwenye kioo, ufa mdogo unatosha kuugeuza utando kuwa mweupe.

Lililo gumu zaidi katika biashara hii hutokea kibarazani, kabla ya mali kuuzwa. Tuseme mzee wa Liuli ana redio ya marehemu baba yake na amesikia kwamba vitu hivi vina pesa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hiyo hapo. Wanasema Ulaya wananunua kwa dola."

"Wananunua, mzee. Ila hizi nne za ndani, zote pamoja, hazifiki bei ya mfuko wa mbolea. Redio ikiwa kamili namna hii, na boksi lake, ina thamani kuliko vipande vyake. Mimi nisingeitoa hata moja."

Mtu wa kusema hivyo ndiye ninayemheshimu. Angeweza kununua redio nzima kwa bei ya kuku na mwenyewe asijue. Angeweza pia, akikuta GZ34 kwenye amplifaya ya kanisa, kunyamaza na kuiomba kama takataka. Maarifa aliyonayo mjuzi na asiyonayo mwenye mali ni makubwa kuliko katika biashara nyingi, na kwa sababu hiyo mjuzi wa kweli humweleza mwenye mali valvu ni ipi na inauzwaje kule iendako, kisha wanakubaliana sehemu yake ya faida. Mwonjaji wa kahawa hulipwa kwa kuonja. Mfanyabiashara wa valvu na alipwe kwa kusoma, kupima na kusafirisha, kazi ambayo ni nzito ya kutosha kulipiwa wazi.

Maana safari nayo ni kazi. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66, kisha Songea, kisha Dar es Salaam, kisha ndege. Kila valvu hufungwa peke yake, pini zikichomekwa kwenye kipande cha sponji ili zisipinde, kioo kikizungushiwa karatasi laini, kisha boksi ndogo ndani ya boksi kubwa lenye nafasi ya vidole vitatu pande zote. Valvu nene za kitako cha pini nane husafirishwa pini zikielekea chini, kwa kuwa gundi ya kitako imezeeka na kioo huweza kulegea. Ndani ya boksi huwekwa karatasi yenye alama zilizosomwa chini ya kioo, namba zilizopimwa, mashine iliyozipima, na kasoro zote zilizoonekana, hata mkwaruzo. Mnunuzi wa Osaka au Hamburg hajawahi kumwona muuzaji na pengine hajui Mbinga iko wapi. Anachokijua ni kwamba karatasi ilisema miliampia 1.1 na mashine yake imesoma 1.1, na ndiyo sababu mwezi unaofuata anaandika tena kuuliza kuna nini kingine.

Mzee wa Liuli naye, akiamua kubaki na redio yake, si kwamba hana la kufanya. Betri za volti 90 hazipatikani tena madukani, lakini betri kumi ndogo za volti 9, zile za mraba, zikiunganishwa mkia na kichwa hutoa 90 kamili, na jiwe moja la tochi hutosha kwa nyuzi. Fundi akishabadilisha kapasita zilizochoka na kuhakikisha waya wa 90 haugusi wa 1.5, DL96 itatoa kama sehemu ya tano ya wati. Kwa chumba kimoja, jioni, inatosha, na masafa mafupi bado yana vituo.